Nyumba za Ibada za Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Mji wa Nyeri umekaa kati ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, katika nchi ambayo watu wake walimwabudu Mungu vizazi vingi kabla ya jengo la kwanza la ibada kusimamishwa. Leo mtu akitembea mjini kwa saa chache hupita kanisa kuu la Wakatoliki, kanisa kuu la Waanglikana, makanisa ya Kipresbiteri, msikiti, hekalu la Wahindu na la Masingasinga, na makanisa mengi ya kiroho yaliyopanga vyumba juu ya maduka. Nyumba hizi zote ni za baada ya mwaka 1900. Nyingine zililetwa na wamisionari, nyingine na askari na wapagazi, nyingine na mafundi na wenye maduka, na nyingine zilijengwa na wenyeji waliokosana na wamisionari. Historia yake ni historia ya wananchi waliosikiliza dini ngeni, wakachagua waliloliafiki, wakakataa walilolikataa, kisha wakajijengea wenyewe.

Mlima na mugumo

Kwa Wakikuyu, Mungu ni Ngai, na Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, ndiyo makao yake anaposhuka kuitazama dunia. Waembu humwita Mwene Njeru, na Wameru humwita Murungu. Ibada ya kale haikuhitaji jengo. Maombi ya kila siku yalifanyika nyumbani, na yale ya jamii nzima yalifanyika chini ya mti mkubwa wa mugumo uliotengwa kwa kazi hiyo. Mti ukishatengwa haukukatwa tawi, wala kuni hazikuokotwa chini yake.

Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu maisha ya Wakikuyu, aliieleza ibada ya kuomba mvua. Wazee walichagua mwanakondoo wa rangi moja, asiye na doa. Watoto wawili wadogo, wa kiume na wa kike, ambao hawajafikisha miaka minane, walitangulia msafara wakiwa na vibuyu, kimoja cha maziwa na kingine cha pombe ya asali. Watoto walitangulizwa kwa sababu hawakuwa na hatia. Walipofika mtini, wazee walielekea mlima, wakainua mikono na kuomba, na watu wote wakaitikia kwa pamoja wakiomba amani. Kisha maziwa na pombe vilimwagwa chini ya mti, mnyama akachinjwa na mafuta yake yakapakwa kwenye shina.

Hakukuwa na tabaka la makuhani. Aliyestahili kuongoza ni mzee aliyepanda ngazi za kiama, yaani baraza la wazee, na ambaye mwenendo wake nyumbani ulijulikana. Kule Meru mambo yalikuwa na sura nyingine kidogo. Baraza la Njuri Ncheke lilishika sheria na maadili, na kando yake alikuwapo Mugwe, kiongozi wa baraka, ambaye mkono wake wa kushoto ulifichwa kwa kuwa ndio uliobeba nguvu ya kubariki. Padri Bernardo Bernardi wa shirika la Consolata aliandika kitabu kizima kuhusu Mugwe mwaka 1959, wakati heshima ya cheo hicho ilikuwa imeshaanza kufifia.

Mahali pa ibada za kale hapajatoweka. Kilima cha Karima huko Othaya na Mukurwe wa Nyagathanga huko Murang'a, panapohesabiwa kuwa chimbuko la Wakikuyu, bado hutajwa kwa heshima, na wazee wa kiama bado huomba wakiuelekea mlima.

Ngome na misa

Mwaka 1902 ulileta mambo mawili kwa pamoja. Mwezi wa Desemba, kikosi cha Waingereza kilichoongozwa na Richard Meinertzhagen kiliwapiga watu wa Tetu na kuweka ngome karibu na kilima cha Nyeri. Mji wa leo ulikua kutokana na ngome hiyo. Miezi michache kabla ya hapo, tarehe 29 Juni, sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, mapadri wa Kiitaliano walikuwa wamesoma misa yao ya kwanza huko Tuthu, upande wa Murang'a, kwa chifu Karuri wa Gakure.

Mapadri hao walikuwa wa shirika la Consolata, lililoanzishwa mjini Torino mwaka 1901 na padri Giuseppe Allamano, ambaye alitangazwa mtakatifu Oktoba 2024. Waliotangulia walikuwa mapadri Filippo Perlo na Tommaso Gays pamoja na mabruda wawili. Kutoka Tuthu walivuka mito na vilima hadi Nyeri, wakaweka kituo chao kikuu Mathari, nje kidogo ya mji.

Mathari haikuwa kanisa tu. Ilikuwa na shamba la kahawa, karakana, shule, hospitali na kiwanda cha kupiga chapa. Kiwanda hicho ndicho kilichotoa Wathiomo Mukinyu, gazeti la Kikuyu lililoanza mwaka 1916. Perlo aliamini kuwa misheni lazima ijilishe yenyewe na kuwafundisha watu kazi za mikono pamoja na katekisimu. Mwaka 1909 alipewa daraja la uaskofu, na mwaka 1918 alianzisha shirika la Masista wa Maria Imakulata wa Nyeri, lililowapa wasichana wa Kiafrika nafasi ya kuwa watawa katika nchi yao. Kwa wasichana wa wakati ule uamuzi huo ulikuwa mzito, kwani uliwaondoa katika ndoa, mahari na matarajio ya ukoo.

Shule ya misheni ya Mathari ndiyo iliyokuja kuwa Shule ya Upili ya Nyeri, ambako Mwai Kibaki, rais wa tatu wa Kenya, alisoma akiwa mvulana. Wangari Maathai naye alisoma kwa masista wa Mathari, katika shule ya Mtakatifu Sesilia, na hapo ndipo alipobatizwa Mkatoliki.

Waprotestanti wagawana nchi

Wakati Wakatoliki wakijipanga Mathari, Waprotestanti nao waliigawa nchi ili wasigongane. Waanglikana wa shirika la CMS walifika Weithaga, Murang'a, mwaka 1903 na Kahuhia mwaka 1906, kisha wakazunguka mlima hadi Kabare na Kigari, katika Kirinyaga na Embu za leo, mwaka 1910. Wapresbiteri wa Kanisa la Scotland walitoka Thogoto karibu na Nairobi wakafungua Tumutumu, juu ya Karatina, mwaka 1908. Wamethodisti walipewa Meru, wakaanza Kaaga mwaka 1912. Chogoria, katika nchi ya Wameru wa kusini, ilikuja kuwa kituo cha Wapresbiteri mwaka 1922 chini ya daktari Archibald Irvine. Ramani hiyo ya wamisionari bado inaonekana. Hata leo Mmeru Mprotestanti ana uwezekano mkubwa wa kuwa Mmethodisti, na mwenzake wa Karatina kuwa Mpresbiteri.

Ushirikiano huo ulizua mzozo uliofika mbali. Mwaka 1913 madhehebu ya Kiprotestanti yalikutana Thogoto kujadili muungano wa misheni zao, na mkutano ukafungwa kwa meza ya Bwana iliyoshirikiwa na wote, ikiongozwa na askofu Mwanglikana wa Mombasa. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, aliona jambo hilo ni uasi wa imani. Aliandika kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kuwashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda, na magazeti ya Uingereza yakalijadili kwa miezi mingi. Muungano kamili haukupatikana, lakini misheni ziliendelea kushirikiana katika elimu. Mwaka 1926 zilifungua pamoja shule ya Alliance.

Tumutumu ilijengwa juu ya nguzo tatu: kanisa, shule na hospitali. Arthur Barlow alikuwa bingwa wa Kikuyu na alishika sehemu kubwa ya kazi ya kutafsiri Biblia. Agano Jipya lilitoka mwaka 1926 na Biblia nzima mwaka 1951. Horace Philp aliisimamia kazi ya tiba. Marion Stevenson aliwafundisha wasichana na wanawake, na Chama cha Wanawake cha kanisa la Kipresbiteri la PCEA, maarufu kama Woman's Guild, huhesabu mwanzo wake Tumutumu mwaka 1922. Lakini wageni hao walikuwa wachache. Waliosambaza imani vijijini walikuwa vijana wa Kikuyu walioitwa athomi, yaani wasomaji, waliofungua vishule vya nyasi na udongo kila penye mzee aliyekubali kutoa kiwanja. Jumatatu hadi Ijumaa kibanda kilikuwa darasa, na Jumapili kikawa kanisa.

Majengo, bazaar na makaburi ya wazungu

Uislamu ulifika na watu wa safari. Askari, wapagazi, makarani na wafanyabiashara waliofuata ngome za serikali walikuwa Waswahili wa pwani, Wasomali, Wanubi na Waislamu kutoka Bara Hindi. Embu ilipata boma la serikali mwaka 1906 na Meru mwaka 1908. Katika kila mji mpya, watu hawa walipewa au walijitengea mtaa, na mtaa huo mara nyingi uliitwa Majengo. Jina hilo liko Nyeri, liko Nanyuki na liko Meru. Katika Majengo palikuwa na msikiti, chuo cha Kurani, mahali pa kuzikia na nyumba za kupanga. Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani, si ya sokoni peke yake. Wenyeji waliosilimu, wengi wao wanawake waliohamia mjini na vijana waliofanya kazi kwa Waislamu, walipata huko ukoo mpya. Jamaa hizi hazikuwa na misheni tajiri nyuma yake. Msikiti ulijengwa kwa michango, na elimu ya dini ikashikwa na walimu waliojitolea.

Reli iliyopanda kutoka Thika ilipita Karatina na kufika Nanyuki mwaka 1930. Mafundi seremala, waashi na wenye maduka wa Kihindi walizidi kuongezeka kando yake. Wahindu na Masingasinga wa Nyeri walijenga mahekalu yao mjini. Katika hekalu la Masingasinga, jiko lilikuwa sehemu ya ibada kama ilivyo desturi yao kila mahali: mgeni wa dini yoyote hukaribishwa chakula bila malipo. Baada ya uhuru Wahindi wengi walihamia Nairobi au ng'ambo, na waumini wakapungua.

Walowezi wa Kizungu nao walikuwa na kanisa lao la Mtakatifu Petro, ambalo sasa ni kanisa kuu la Dayosisi ya Mlima Kenya Magharibi ya Waanglikana. Katika makaburi yake amelala Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyeishi miaka yake ya mwisho Nyeri na kufariki tarehe 8 Januari 1941. Jiwe la kaburi lake limechorwa duara lenye nukta katikati, alama ambayo skauti huiweka njiani kuonyesha kuwa mwenzao amekwenda nyumbani. Maskauti kutoka nchi nyingi hulizuru kila mwaka. Jim Corbett, mwindaji na mwandishi kutoka India aliyefariki mwaka 1955, amezikwa katika makaburi hayo hayo.

Mwaka 1929 na makanisa huru

Mgogoro mkubwa kuliko yote katika historia ya dini ya eneo hili ulihusu tohara ya wasichana. Misheni ya Scotland na baadhi ya washirika wake ziliamua kuwa muumini anayeikubali desturi hiyo hawezi kubaki kanisani. Mwaka 1929 walimu na waumini walitakiwa kuapa kwa kutia sahihi au alama ya kidole kwamba wanaikataa, na pia wanajitenga na chama cha siasa cha Kikuyu Central Association kilichoitetea. Waliotia alama waliitwa kirore, na walioshikilia mila wakaitwa karing'a. Koo ziligawanyika, na hata ndugu wa nyumba moja waliacha kula pamoja. Wimbo wa ngoma ulioitwa Muthirigu, uliowakejeli wamisionari na machifu, ulienea kwa kasi mpaka serikali ikaupiga marufuku mwaka 1930. Wakatoliki hawakudai kiapo cha namna hiyo, na baadhi ya waliofukuzwa kwa Waprotestanti wakahamia kwao.

Katika kelele hizo, sauti ya wanawake wenyewe haikusikika sana, lakini ilikuwapo. Wasichana na wanawake wa Tumutumu walikuwa na umoja wao, Ngo ya Tuiritu, yaani Ngao ya Wasichana. Mwaka 1931 waliandika barua kupinga wanaume kulijadili jambo hilo kwa niaba yao, wakitaka mambo ya wanawake yasikilizwe kutoka kwa wanawake. Barua hiyo inastahili kukumbukwa kila historia ya mgogoro huu inaposimuliwa.

Walioondoka misheni walitaka mambo mawili ambayo hawakuona sababu ya kuyatenganisha: Biblia na utamaduni wao. Walianzisha shule zao, zikaunganishwa katika KISA, umoja wa shule huru za Wakikuyu uliokuwa chini ya urais wa Johana Kunyiha. Shule zilikuwa na watoto, watoto walihitaji ubatizo, na misheni zilikataa kuwabatiza. Ndipo wazee wakamwita Daniel William Alexander, askofu mkuu wa Kanisa la Kiorthodoksi la Kiafrika kutoka Afrika Kusini. Alifika mwaka 1935, akafungua darasa la mapadri Gituamba, Murang'a, akabatiza watu kwa maelfu, na kuondoka mwaka 1937. Wanafunzi wake walitengana baadaye. Kundi moja likawa kanisa la AIPCA, na jingine, lililokuwa na Arthur Gathuna, likajiunga na Patriaki wa Alexandria na kuwa mzizi wa Waorthodoksi wa Kenya. Leo Waorthodoksi wana dayosisi ya Nyeri na Mlima Kenya.

Kundi jingine lilizaliwa wakati huo huo kwa njia ya maombi na maono. Akurinu, wanaotambulika kwa vilemba vyao vyeupe, walianza miaka ya 1920. Walikataa shule za wazungu, hospitali zao na nguo zao, wakategemea kufunga, unabii na uponyaji. Serikali iliwaogopa, na mwaka 1934 kiongozi wao Joseph Ng'ang'a aliuawa na polisi katika msitu wa Ndarugu. Leo Akurinu wana makanisa katika miji yote ya mlimani, na watoto wao wako vyuo vikuu.

Sista Irene wa Gikondi

Miaka iliyoelekea kwenye ugomvi huo ndiyo iliyokuwa miaka ya Sista Irene Stefani. Alizaliwa Anfo, kaskazini mwa Italia, mwaka 1891, na kufika Kenya mwaka 1915. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliwahudumia wapagazi wa jeshi katika hospitali za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam, ambako Waafrika walikufa kwa wingi kwa kuhara, malaria na njaa. Kuanzia mwaka 1920 alifanya kazi katika misheni ya Gikondi, kusini mwa Nyeri. Alitembea vijiji vyote kwa miguu akiwa na viatu vizito, akifundisha, akizalisha, na kuwaandikia kina mama barua za kuwapelekea wana wao waliokwenda kutafuta kazi mbali. Watu walimwita Nyaatha, mama wa huruma. Mwaka 1930 alimuuguza mwalimu aliyeshikwa na tauni, akaambukizwa, na akafariki tarehe 31 Oktoba akiwa na umri wa miaka 39.

Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa Mwenye Heri katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi mjini Nyeri, mbele ya umati mkubwa mno. Aliyeongoza ibada kwa niaba ya Papa alikuwa Kardinali Polycarp Pengo, Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, mji ambao Irene aliwahi kuuguza ndani yake. Masalia yake yamewekwa katika kanisa kuu la Nyeri, ambako waumini huenda kusali.

Miaka ya vita na Hali ya Hatari

Vita vya Pili vya Dunia viliiachia Nyeri kanisa la aina yake. Maelfu ya Waitaliano waliotekwa Ethiopia na Somalia walifungwa katika kambi za Kenya, zikiwamo za Nanyuki na Nyeri. Amedeo wa Aosta, aliyekuwa gavana mkuu wa Italia katika Afrika Mashariki, alifariki akiwa mfungwa jijini Nairobi mwezi wa Machi 1942, na aliomba azikwe pamoja na askari wake. Kanisa la kumbukumbu lililojengwa karibu na Mathari limehifadhi mwili wake na mabaki ya mamia ya askari, majina yao yakiwa yameandikwa ukutani.

Mnamo Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari. Nyeri ilikuwa kitovu cha vita vya Mau Mau, na kiongozi wa wapiganaji wake, Dedan Kimathi, alikuwa amesoma katika shule ya Tumutumu. Serikali ilifunga shule na makanisa huru, ikiyaona kama vituo vya uasi. Wakristo walibanwa pande zote. Watu wa Uamsho, vuguvugu lililotoka Rwanda na Uganda na kufika Kenya mwaka 1937, walikataa kula kiapo cha Mau Mau wakisema damu ya Yesu inatosha, na wengine wao waliuawa kwa msimamo huo. Wakristo wengine walikula kiapo na kubaki Wakristo moyoni, kwa sababu waliiona ardhi kuwa zawadi ya Mungu. Kuanzia mwaka 1954 watu zaidi ya milioni moja walihamishiwa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro, na makanisa yakalazimika kuwafuata huko. Vidonda vya miaka hiyo vilichukua muda mrefu kupona, kwa sababu aliyeumizwa na aliyeumiza walirudi kukaa benchi moja la kanisa.

Makanisa yapata wenyewe

Uongozi ulianza kuhamia kwa Waafrika kabla ya uhuru. Mwaka 1955 Obadiah Kariuki, mtu wa Uamsho, aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Kianglikana pamoja na Festo Olang'. Mwaka 1956 Wapresbiteri waliunganisha waumini wa Kiafrika na wa Kizungu katika kanisa moja la PCEA. Jimbo Katoliki la Nyeri, lililoundwa rasmi mwaka 1953, lilipata askofu mzalendo, Caesar Gatimu, mwaka 1964. Mwaka 1967 Wamethodisti wa Kenya walipata mamlaka yao kamili, na Meru ikawatolea viongozi kama Lawi Imathiu. Mwaka 1990 Nyeri ikawa jimbo kuu chini ya Nicodemus Kirima. AIPCA nayo iliruhusiwa tena baada ya uhuru, ikarudi katika viwanja vyake vya zamani.

Miji ya mlima ilitoa pia sauti zilizoisumbua serikali ya chama kimoja. David Gitari, askofu Mwanglikana wa Mlima Kenya Mashariki, alipinga waziwazi upigaji kura wa mlolongo wa mwaka 1988, na mwaka 1989 nyumba yake ilivamiwa usiku. Timothy Njoya, mchungaji wa PCEA mzaliwa wa Nyeri, alihubiri demokrasia wakati kuitaja tu kulikuwa hatari.

Tangu miaka ya 1980, makanisa ya Kipentekoste yamebadilisha sura ya miji. Hukodi kumbi, vyumba vya ghorofani na hata mahema, huhubiri kwa Kikuyu, Kiswahili na Kiingereza katika ibada moja, na huwavuta vijana kwa muziki na maombi ya wazi. Makanisa ya zamani yamejifunza kutoka kwao. Kwaya za Kipresbiteri sasa hupiga kinanda na gitaa, na vikundi vya karismatiki viko katika parokia nyingi za Kikatoliki.

Mugumo nao umepata watetezi wapya. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, alisimulia jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni chini ya mugumo uliokuwa karibu na kwao, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Aliporudi kutoka masomoni aliukuta umekatwa, na kijito kilichokuwa karibu kimekauka. Kutokana na kumbukumbu hiyo na nyingine kama hiyo, alieleza kuwa heshima ya dini ndiyo iliyoyalinda maji na udongo wa mlimani, na kwamba wamisionari walipoiondoa heshima hiyo hawakuweka nyingine mahali pake. Tangu alipopata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, hoja yake imeingia makanisani, na parokia na shule za misheni nyingi sasa huhesabu upandaji wa miti kuwa sehemu ya wajibu wa muumini.